Nyumba Mbili za Havana

Mgonjwa wa homa ya manjano amelala chumbani. Macho yamekuwa manjano kwa sababu ini limeharibika, na akizidiwa hutapika damu iliyogeuka nyeusi. Shuka zimechafuka, dirishani wanaingia mbu. Baada ya muda jirani naye anaugua. Ugonjwa umempata kwa njia gani: shuka, hewa ya chumba, au mbu? Kwa kutazama tu huwezi kujua, maana vyote vimo chumbani pamoja. Madaktari wengi wa karne ya 19 walishuku nguo na matandiko, wakaviteketeza kwa moto.

Mwaka 1881 Carlos Finlay, daktari wa Havana, Kuba, alisema ni mbu, na akamtaja hasa yule tunayemwita leo Aedes aegypti. Alikuwa sahihi. Lakini alipowachukua mbu walionyonya damu ya wagonjwa na baada ya siku chache akawaacha wawang'ate watu wazima wa afya, hakupata ushahidi wa kuwaridhisha wenzake. Kwa karibu miaka 20 hawakumsadiki.

Kilichomponza ni siku. Mbu si sindano inayotoa kile kile ilichovuta. Kirusi cha homa hiyo kikifika tumboni mwake huzaliana kwanza kwenye ukuta wa utumbo, hupenya, husambaa mwilini, na mwisho huingia kwenye tezi za mate. Kinachoingia kwa mtu anayefuata ni mate hayo. Katika joto la Havana, safari hiyo ilihitaji kama siku 12. Kwa upande wa mgonjwa nako kuna muda wake: kirusi hujaa kwenye damu siku 3 hivi za mwanzo, kisha hupungua. Ukimlisha mbu kwa mgonjwa wa siku ya 6, au ukimtumia mbu mapema mno, hupati kitu.

Mwaka 1900 jeshi la Marekani liliteua tume ya madaktari wanne kuchunguza homa hiyo Havana: Walter Reed, James Carroll, Jesse Lazear na Aristides Agramonte. Finlay aliwapa mayai ya mbu wake. Watu 9 wa kwanza waling'atwa bila madhara. Agosti 27 Carroll alijitolea mkono wake kwa mbu aliyenyonya damu ya mgonjwa siku 12 nyuma. Aliugua nusura afe. Mwezi uliofuata Lazear aling'atwa, na Septemba 25 akafariki akiwa na miaka 34.

Hata hivyo, Carroll alikuwa akizunguka mjini na hospitalini, kwa hiyo angeweza kuambukizwa popote. Reed alihitaji kutenganisha sababu moja na nyingine, ndipo akajenga kambi nje ya mji, akaipa jina la Lazear, na ndani yake nyumba mbili ndogo.

Ya kwanza ilifungwa mbu wasiingie, ikapashwa moto, ikajazwa mashuka yenye matapishi na kinyesi cha wagonjwa. Daktari kijana na askari wawili walilala humo usiku 20. Uvundo uliwatoa nje mbio mara ya kwanza, lakini walirudi, na hakuna aliyeugua. Labda wana kinga? Baadaye baadhi ya waliolala humo waliambukizwa makusudi, wakaugua. Mjadala wa shuka ukafungwa.

Ya pili ilikuwa safi, imegawanywa katikati kwa wavu wa waya. Upande mmoja waliachiwa mbu 15 walionyonya damu ya wagonjwa. Desemba 21 John Moran, mmoja wa waliojitolea, aliingia akajilaza wamng'ate, akarudia tena. Siku ya Krismasi homa ilimshika. Waliolala ng'ambo ya wavu walivuta hewa ile ile, wakabaki wazima. Tofauti yao ilikuwa mbu tu.

Moran alikataa malipo. Wahamiaji wa Kihispania waliofika Kuba karibuni walilipwa dola 100 za dhahabu, na 100 nyingine kwa atakayeugua, wakatia saini mkataba ulioeleza kwamba wangeweza kufa. Kwa enzi ile, kumweleza mtu hatari kwa maandishi ilikuwa hatua kubwa. Lakini kibarua asiye na kitu, akionyeshwa dhahabu, uhuru wake wa kukataa ni mwembamba. Kambini hakufa mtu. Mwaka 1901, katika majaribio mengine ya Havana, muuguzi Clara Maass alifariki.

Walitumia watu kwa sababu hakuna mnyama aliyejulikana kuugua homa hiyo. Hilo lilibadilika mwaka 1927, damu ya Mghana aitwaye Asibi ilipodungwa kwa kima wa Asia aina ya rhesus, kima akaugua. Asibi alipona. Kirusi kilichotoka kwenye damu yake kilidhoofishwa maabarani na timu ya Max Theiler, na chanjo zote za homa ya manjano zinazotumika leo, zile zinazoandikwa kwenye kadi ya njano ya msafiri, zimetokana nacho.