Usuli wa Mshairi: Walt Whitman, Mwalimu wa Vijijini

Mwanafunzi, ukikutana na shairi lisilo na vina wala mizani, huenda ukajiuliza: je, mtunzi alishindwa na arudhi? Swali hili limezua mjadala mkali hata katika ushairi wa Kiswahili, baina ya wanamapokeo na watetezi wa shairi huru. Maisha ya Walt Whitman wa Marekani yatakusaidia kulijibu. Yasome kabla ya kuyachambua mashairi yake.

(a) Utoto
Whitman alizaliwa tarehe 31 Mei 1819 katika kijiji cha West Hills, kisiwani Long Island, jimbo la New York. Alikuwa wa pili kati ya watoto tisa. Babake alikuwa seremala na mapato yake hayakukidhi mahitaji ya jamaa. Walt aliacha shule akiwa na umri wa miaka 11 hivi, akawa tarishi katika ofisi ya mawakili, kisha akajifunza kupanga herufi za chapa. Elimu iliyobaki aliitafuta mwenyewe vitabuni.

(b) Ualimu, 1836–1841
Moto ulipoteketeza sehemu kubwa ya New York mwaka wa 1835, kazi ya uchapishaji iliadimika. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 17, Whitman akageukia ualimu. Alifundisha katika shule ndogo kadhaa za Long Island, akila na kulala kwa wazazi wa wanafunzi, leo nyumba hii, kesho ile. Wakati huo kiboko kilitawala madarasa, lakini mmoja wa wanafunzi wake alikumbuka uzeeni kwamba Whitman hakuwachapa. Alipenda kuwauliza maswali na kuwaacha wajieleze. Mwaka wa 1841 alichapisha hadithi fupi kuhusu mwalimu katili anayemcharaza mvulana akidhani amesinzia, kumbe amekwisha kufa.

Hata hivyo, kazi hii ilimchosha. Barua zake za 1840 zinakilalamikia vikali kijiji cha Woodbury alikofundisha. Jambo la kuzingatia ni kwamba mashairi aliyoyatoa magazetini miaka hiyo yalikuwa na vina vya kawaida.

(c) Gazeti na kitabu
Kuanzia 1846 alikuwa mhariri wa gazeti mjini Brooklyn. Alipoteza kazi hiyo mwaka wa 1848 kutokana na msimamo wake wa kupinga kuenezwa kwa utumwa katika maeneo mapya ya nchi. Mwaka wa 1855 alichapisha Leaves of Grass kwa gharama yake mwenyewe. Kilikuwa na mashairi 12 yasiyo na anwani, na baadhi ya kurasa alizipanga kwa mikono yake. Mwandishi maarufu Ralph Waldo Emerson alimwandikia barua ya kumpongeza, lakini wahakiki wengine walikiona kitabu kuwa kichafu. Whitman aliendelea kukipanua hadi mwisho wa maisha yake.

(d) Vita na uzee
Mwishoni mwa 1862, kakake mdogo George alijeruhiwa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Whitman alikwenda kumtafuta, kisha akabaki Washington akiwahudumia majeruhi hospitalini na kuwaandikia barua za nyumbani. Mnamo 1865 waziri mmoja alimfuta kazi serikalini kwa sababu ya kitabu chake. Alipooza mwaka wa 1873, akahamia Camden, New Jersey, na kufariki tarehe 26 Machi 1892.

(e) Uhusiano wa maisha na mtindo
1. Uhuru wa umbo: Shairi lake la kumwomboleza Rais Lincoln, "O Captain! My Captain!", lina vina. Basi aliijua arudhi. Kuiacha kwingineko ulikuwa uamuzi.
2. Takriri na usambamba: Mishororo yake mirefu hufuata pumzi ya msemaji. Urudiaji wa maneno hufanya kazi ambayo vina vingefanya.
3. Orodha ya watu wa kawaida: Maseremala, wapiga chapa na wakulima, watu alioishi nao, wanapewa nafasi sawa na wakubwa.

Tanbihi
Usimtakase mshairi. Whitman aliimba usawa, lakini baada ya vita alitilia shaka haki ya Waamerika Weusi kupiga kura. Pia, unapojibu swali la shairi, usisimulie wasifu. Anza na ushahidi wa shairi lenyewe, kisha utumie tukio la maisha pale tu linapoimarisha hoja yako.

Maswali ya marudio
1. Eleza jinsi kazi mbili alizofanya Whitman zilivyoathiri mtindo wake. (alama 4)
2. "Asiyefuata arudhi hajui kutunga." Jadili kauli hii ukirejelea maisha ya Whitman. (alama 10)
3. Je, udhaifu wa mshairi hupunguza thamani ya ujumbe wake? Toa hoja tatu. (alama 6)