Wananchi Wanapoinung'unikia Serikali: Somo kwa Vikundi vya Nyumbani

Maandiko ya kusoma: 1 Wafalme 12:1–24, Hesabu 27:1–7, Luka 6:12–16, Warumi 13:1–7, Waefeso 4:25–32.



Siku hizi ni vigumu watu kukutana bila kuzungumza siasa. Katika matatu, sokoni, kwenye foleni ya maji, na hata nje ya kanisa baada ya ibada, twasikia maneno yale yale: kodi imezidi, unga ni ghali, vijana waliosoma wanakaa nyumbani bila kazi, na wale tuliowachagua wamesahau njia ya kurudi kwetu. Mwingine husimama kuitetea serikali, na mara mazungumzo ya kodi yanageuka kuwa mazungumzo ya kabila. Watu wawili waliopeana mkono wa amani ndani ya kanisa wanaachana langoni kwa hasira.

Hatuandiki somo hili ili kumwambia msomaji akipigie kura chama gani. Twataka kulichunguza Neno la Mungu pamoja na historia ya nchi yetu ya Kenya, tukijiuliza maswali matatu. Je, ni dhambi Mkristo kuilalamikia serikali? Je, Kanisa lina haki ya kusema juu ya mambo hayo? Na tufanye nini ili tofauti za vyama zisiuvunje ushirika wetu?

1. Kunung'unika na kupeleka shauri

Wako Wakristo wanaofikiri kwamba kila lalamiko dhidi ya mtawala ni uasi. Huwakumbuka Waisraeli jangwani, ambao Mungu aliwakasirikia kwa sababu ya manung'uniko yao. Lakini tuangalie vizuri. Katika Kumbukumbu la Torati 1:27 watu wale walinung'unika ndani ya hema zao. Hawakwenda mbele ya Musa kumweleza shida yao. Walisemea pembeni, wakamsingizia Mungu kwamba aliwachukia.

Sasa tuwatazame binti watano wa Selofehadi katika Hesabu 27. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, na sheria iliwanyima urithi. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakasema shida yao waziwazi. Musa alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana alisema kwamba binti hao wanenayo ni haki. Sheria ikabadilishwa.

Basi tofauti ni dhahiri. Manung'uniko ya hemani huoza moyo wa mwenye kunung'unika na hayamjengi mtu. Shauri lililopelekwa mlangoni, kwa maneno ya kweli na mbele ya mashahidi, laweza kuirekebisha sheria ya taifa zima.

2. Nira ya Sulemani na jibu la Rehoboamu

Mfalme Sulemani alijenga nyumba ya Bwana kwa miaka 7, na nyumba yake mwenyewe kwa miaka 13. Kazi hiyo ilihitaji watu na chakula. Twasoma katika 1 Wafalme 5 kwamba alitoza shokoa ya watu 30,000, akawapeleka Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Katika sura ya 4 twaona maakida 12 waliopewa kazi ya kulisha nyumba ya mfalme, kila mmoja mwezi wake. Nje nchi ilisifiwa kwa utajiri. Ndani mkulima alikuwa amechoka.

Sulemani alipokufa, watu walikutana na mwanawe Rehoboamu huko Shekemu. Tuangalie jinsi walivyosema. Hawakuja na mawe. Walitaja jambo moja, yaani uzito wa nira, na wakaahidi kumtumikia mfalme kama angewapunguzia. Hao walikuwa raia wema.

Rehoboamu aliomba siku 3. Wazee walimshauri awe mtumishi wa watu kwa siku ile na kuwajibu kwa upole. Vijana waliokua pamoja naye walimshauri aonyeshe nguvu. Alilifuata shauri la pili, akawaambia watu kwamba baba yake aliwapiga kwa mijeledi, naye atawapiga kwa nge. Hapo makabila 10 yakamwacha. Alipomtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa, watu walimpiga kwa mawe hata akafa. Ufalme ulioungana tangu siku za Daudi ukagawanyika.

Kosa la Rehoboamu lilikuwa la kukataa kusikia. Mtawala anayezungukwa na wale wanaokula pamoja naye tu hasikii habari za shamba wala za soko. Yule anayemwambia kwamba nira ni nzito anamsaidia kuliko yule anayempigia makofi.

3. Mambo yaliyotokea kwetu

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 chini ya chama cha KANU, na watu walikipenda chama hicho kwa furaha ya uhuru. Mwaka 1964 chama cha KADU kilijivunja na kujiunga nacho. Mwaka 1969 chama cha KPU kilichoongozwa na Oginga Odinga kilipigwa marufuku. Mwezi wa Juni 1982 Bunge liliingiza katika Katiba kifungu cha 2A, kilichosema kwamba Kenya itakuwa na chama kimoja tu cha siasa. Tangu hapo mtu aliyekuwa na lalamiko juu ya chama hakuwa na mlango mwingine wa kulipeleka.

Mwaka 1986 chama kiliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea watu wapige kura kwa kupanga mlolongo, kila mmoja nyuma ya mtu anayemtaka au picha yake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amechaguliwa, bila kura ya siri. Viongozi wa makanisa walipinga utaratibu huo mapema. Walieleza kwamba mchungaji anayesimama hadharani nyuma ya mtu mmoja huwagawa kondoo wake, na kwamba mtu maskini hawezi kusimama kwa uhuru mbele ya tajiri wake au chifu wake. Hawakusikilizwa. Uchaguzi wa mwaka 1988 ulifanyika kwa mlolongo, na mahali pengi watu walilalamika kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Baraza la Makanisa lilikuwa na gazeti lake lililoitwa Beyond. Baada ya kuandika habari za udanganyifu huo, lilipigwa marufuku mwaka ule ule.

Wakati huo maaskofu wa Kanisa letu hawakunyamaza. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, Askofu Alexander Muge wa Eldoret, na Askofu David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki walisema wazi juu ya kura, ardhi na rushwa. Askofu Gitari alikuwa na desturi ya kufundisha Biblia sura kwa sura, na wasikilizaji walijionea wenyewe jinsi Danieli au Nabothi walivyohusu maisha yao. Mwezi wa Aprili 1989 watu wenye silaha waliivamia nyumba yake usiku. Alijiokoa kwa kupanda juu ya paa. Mwezi wa Agosti 1990 Askofu Muge alionywa na waziri mmoja asikanyage Busia, kwamba huenda asitoke huko akiwa hai. Alikwenda, akawahudumia watu, na tarehe 14 Agosti alikufa katika ajali ya gari alipokuwa akirudi. Waziri yule alijiuzulu.

Mwezi wa Desemba 1990 mlolongo na kanuni ya asilimia 70 viliondolewa. Mwezi wa Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa. Shauri lililopelekwa mlangoni kwa miaka mingi lilikuwa limesikiwa.

4. Kubadili chama si kubadili moyo

Tukiishia hapo tutakuwa tumejifunza nusu ya somo. Turudi kwa Yeroboamu. Alikuwa msemaji wa watu walioonewa, na lalamiko lake lilikuwa la haki. Lakini alipopata ufalme aliogopa kwamba watu wakienda Yerusalemu kuabudu, mioyo yao itarudi kwa Rehoboamu. Kwa hiyo alitengeneza ndama 2 za dhahabu, akaweka moja Betheli na nyingine Dani. Aliyewatoa watu chini ya nira aliwaingiza katika sanamu, ili akilinde kiti chake.

Kwetu nako vyama vingi havikuleta mbingu. Kabla na baada ya uchaguzi wa Desemba 1992, watu waliuawa na kufukuzwa katika mashamba yao huko Bonde la Ufa kwa sababu ya kabila na kura. Wapinzani waligawanyika kwa kugombania kiti kimoja, na KANU ikashinda urais kwa kura kama 36 katika kila 100. Walipoungana mwaka 2002 chini ya NARC, walishinda, na nchi ilishangilia. Lakini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 majirani walishikiana mapanga. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu walihama makwao. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto pamoja na watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Mwezi uliofuata viongozi wa Baraza la Makanisa walikiri mbele ya taifa kwamba walishindwa kuyakemea maovu kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameegemea pande.

Hili ni neno zito. Katika miaka ya 1980 sauti ya Kanisa ilikuwa na nguvu kwa sababu ilimtetea mwananchi bila kujali chama. Kanisa likisema mabaya ya chama cha wengine na kunyamazia ya chama cha watu wake, hakuna atakayelisadiki tena, hata likisema kweli.

Mwezi wa Juni 2024 vijana wengi walitoka barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, wakisema kwamba hawatumwi na chama wala kabila. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, na watu walipigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Tuwe tuliwaunga mkono au hatukuwaunga, vijana hao ni watoto wa nyumba zetu. Yafaa tuwasikilize kabla hatujawahukumu, na tuwafundishe kutochoma wala kupora, maana lalamiko la haki huharibiwa na mkono mchafu.

5. Meza moja

Bwana Yesu alipowachagua mitume 12, alimchukua Mathayo mtoza ushuru, aliyekusanya kodi chini ya watawala. Pia alimchukua Simoni aitwaye Zelote, jina walilopewa watu wenye juhudi kali kwa ajili ya taifa lao. Kwa siasa za wakati ule hao wawili hawangeweza kula sahani moja. Lakini waliketi pamoja kwenye karamu ya Bwana. Hatusomi kwamba Yesu aliwaambia hawana tofauti. Twasoma kwamba aliwaita wote wamfuate yeye.

Mtume Paulo, katika Warumi 13, atufundisha kumheshimu mwenye mamlaka na kulipa kodi, kwa kuwa yeye ni mtumishi wa Mungu kwa mema yetu. Neno hilo latufunga sisi, na pia lampima mtawala: mtumishi huulizwa kazi aliyotumwa.

Kwa hiyo twapendekeza kanuni hizi kwa kila kikundi cha nyumbani:

(a) Tuseme jambo, si kabila. Useme kwamba zahanati haina dawa. Usiseme kwamba watu wa fulani ni wezi.

(b) Tusieneze habari tusizozijua, ziwe za kusikia au za simu. Waefeso 4:25 yatuamuru kuuvua uongo.

(c) Tulipeleke shauri mahali pake: kwenye baraza la chifu, kwa mwakilishi wa wadi, kwa mbunge, au kwenye mikutano ya kutoa maoni. Katiba ya mwaka 2010 imewapa wananchi haki ya kushirikishwa, lakini mara nyingi viti hukaa vitupu.

(d) Mimbari iachwe kwa Neno. Mwezi wa Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubu katika ibada zetu. Mwanasiasa akija aketi na waumini na kusikiliza. Hata sadaka yake isiwe bei ya kununulia kipaza sauti.

(e) Jua lisichwe tukiwa na uchungu. Kama tumetukanana kwa ajili ya chama, tupatane kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana.

Maswali ya kujadiliana

1. Binti za Selofehadi walifanya nini ambacho sisi hatufanyi tunapolalamika?
2. Katika mtaa wetu, ni nira ipi iliyo nzito zaidi, na ni nani hasa apasaye kuambiwa?
3. Je, tuko tayari kukikosoa chama tunachokipenda kwa kipimo kile kile tunachokitumia kwa kingine?
4. Ni nani katika ushirika wetu ambaye hatusalimiani naye tangu uchaguzi uliopita? Tutamwendea lini?

Sala

Ee Mungu, Mfalme wa wafalme, uwape watawala wetu masikio ya kusikia kilio cha maskini, na washauri wasioogopa kusema kweli. Utupe sisi ujasiri bila chuki, na subira bila woga. Uwafariji waliofiwa kwa ajili ya vurugu za siasa, na utuunganishe katika Meza ya Mwanao, Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.