Usikubali Mtu Avae Jina Lako



Leo tufungue Mwanzo sura ya 27. Isaka amezeeka, haoni. Yakobo anavaa ngozi za mbuzi mikononi ili baba akimpapasa adhani ni Esau mwenye vinyweleo, na hivyo anaondoka na baraka ya kaka yake. Nikisoma hapo nauona wizi wa siku hizi: mkono ni wa Esau, aliyesimama ni mwingine.

Tangu 2019 laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Ukiwa kwa wakala, akisema "haijasoma, weka tena" mara tatu nne, uliza. Huenda laini nyingine inasajiliwa kwa jina lako. Kesho mama muuza dagaa pale Kirumba anapokea "ile hela tuma kwenye namba hii", mtaji unaenda, na polisi wakifuatilia wanalikuta jina lako.

Fanya haya leo:

1. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Usiyoijua, nenda kampuni ya simu waifunge.
2. Namba ya siri usimpe mtu, hata mchumba.
3. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Kulinda jina lako ni kumlinda na jirani. Ndilo uliloitwa siku ya ubatizo. Lisitumike kumliza mjane.

Ee Bwana, utujalie macho yaliyo wazi na mikono iliyo safi. Amina.