Unapotazama Jaribio la Kemia: Maswali ya Wanafunzi na Wazazi

Mwalimu ndiye anayefanya jaribio. Mimi mtazamaji nivae miwani ya nini?
Mwalimu anajua kitakachotokea na lini; anayeshtukizwa ni aliyekaa mstari wa mbele. Vaa miwani ya kinga, kaa umbali wa mita mbili au zaidi, wala usiinamie chombo ili kuona vizuri.

Kwa nini kipande cha sodiamu ni kidogo hivyo?
Sodiamu ni metali laini, hukatika kwa kisu, nayo huhifadhiwa kwenye mafuta ya taa isikutane na maji. Ikigusa maji hutoa joto na hidrojeni, gesi inayowaka. Kipande kama punje ya mchele kinatosha. Kikubwa kinaweza kulipuka.

Taa ya spiriti imezimika. Niongeze spiriti?
Usiongeze. Mwali wa spiriti ni wa buluu hafifu, na karibu na dirisha lenye jua huenda usiuone kabisa. Mvuke wake ukishika, moto hurudi ndani ya chupa na kufyatuka kuelekea walikokaa wanafunzi. Taa ipoe kwanza, na chupa kubwa ibaki stoo: mezani kije kiasi kinachohitajika tu.

Tunaambiwa maziwa huondoa sumu ya gesi. Ni kweli?
Wanaosema hivyo wana nia njema, lakini maziwa huenda tumboni na gesi imeingia mapafuni. Mtoeni mwenzenu kwenye hewa safi, apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno nayo haitibu palipoungua. Mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20.

Tindikali (asidi) ikiingia jichoni?
Osha papo hapo kwa maji mengi, kope zikiwa wazi, kwa dakika 20, kisha hospitali. Taja jina la kemikali kama lilivyo kwenye lebo.

Mwanafunzi anaruhusiwa kukataa kukaa karibu?
Ndiyo. Kuomba kusogea nyuma, au kuuliza kwa nini chupa haina lebo, si utovu wa nidhamu. Mzazi naye ana haki ya kuuliza shule kama maabara ina ndoo ya mchanga, mtungi wa kuzimia moto na maji. Kwa Tanzania, msimamizi wa kemikali ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Walimu, fungueni bomba kabla ya kuwasha chochote. Siku halitoi maji, jazeni ndoo, au jaribio lisubiri.