Kutoka Tabora Hadi Ujiji: Namna ya Kusafiri Njia ya Misafara

Abiria wengi wa reli ya kati huipita Tabora wakiwa usingizini. Treni husimama, mabehewa yanapangwa upya, mengine yanaelekea Mwanza na mengine Kigoma, na asubuhi mji umeshabaki nyuma. Ushauri wangu ni huu: shuka. Ukiipa Tabora siku mbili kisha ukaendelea hadi Ujiji, utakuwa umeiona kwa macho yako njia iliyounganisha pwani ya Afrika Mashariki na Ziwa Tanganyika, na hutahitaji mfuko mnene. Kinachotakiwa ni kujipanga.

Njia ya misafara ni ipi?

Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, kisha ikaelekea Ujiji. Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa miezi kama mitatu kwa miguu. Mpagazi, yaani mbeba mizigo, alichukua karibu frasila mbili, sawa na kilo 32 hivi, mbali na mkeka na chakula chake. Kwenda bara zilipelekwa nguo za merikani, ushanga na nyaya za shaba. Kurudi pwani zilikuja pembe za ndovu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira. Lakini njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo kupelekwa utumwani, na safari hii haifai kufanywa bila kuwakumbuka.

Wajerumani walipojenga reli kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905, walielekea hukohuko. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo ukipanda treni leo, kwa sehemu kubwa unafuata uelekeo wa wale waliotembea.

Niende lini?

Juni hadi Oktoba ni kiangazi: barabara za vumbi zinapitika na mbu ni wachache. Mvua za Tabora huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo, kabla hujakata tiketi ya treni, uliza stesheni kama njia iko wazi, hasa kati ya Kilosa na Gulwe. Reli hapo inapita kwenye bonde la mto Mkondoa, na mafuriko yameikata mara nyingi. Mvua nazo zina faida yake: ndio msimu wa maembe na uyoga wa porini.

Nitafikaje Tabora?

Ukitokea Dar es Salaam una njia tatu. Ya kwanza ni treni ya zamani ya Shirika la Reli Tanzania (TRC), kilomita 840 hadi Tabora. Ukitaka kulala, kata daraja la kwanza au daraja la pili la kulala. Vitanda huisha mapema, basi nenda dirishani siku kadhaa kabla, na kitambulisho mkononi. Ya pili ni treni ya umeme ya SGR hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 kwa nauli ya shilingi 31,000 daraja la kawaida, kisha basi kutoka Dodoma. Ya tatu ni basi moja kwa moja.

Nauli ya basi unaweza kuikadiria mwenyewe. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hupanga kiwango cha juu kwa kila kilomita. Viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa 2023 kwa barabara ya lami vilikuwa shilingi 48.47 daraja la kawaida na 67.84 daraja la kati. Zidisha kwa kilomita za safari yako. Kwa kilomita 400, daraja la kawaida ni kama shilingi 19,400 na daraja la kati kama 27,100. Viwango hupitiwa upya mara kwa mara, hivyo angalia vya sasa kabla ya kulipa, na usikubali kuondoka bila tiketi iliyoandikwa kiasi ulichotoa.

Tabora nione nini?

Anza na Kwihara, kilomita chache nje ya mji. Hapo kuna tembe, nyumba pana ya udongo yenye ua katikati na mlango wa nakshi kama ya pwani. Wapelelezi Livingstone na Stanley walifikia hapo Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka Machi. Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Mwaka uliofuata Livingstone alifariki, na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walirudi Kwihara wakiwa wamebeba mwili wake, wakaendelea nao hadi Bagamoyo.

Chukua bodaboda au bajaji. Patana nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda, maana kupata usafiri wa kurudi huko si rahisi. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Mwombe mtunzaji akueleze habari za wapagazi pia, wasisimuliwe wazungu peke yao.

Mjini, pita Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora, aliposoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1937. Boma la Wajerumani liko chini ya jeshi. Litazame kwa mbali na usipige picha.

Kutoka Tabora kwenda Ujiji je?

Ni zaidi ya kilomita 400 hadi Kigoma, kwa treni au basi. Mwenye muda ashuke Urambo, iliyokuwa makao ya Mtemi Mirambo, aliyewafungia njia wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe mwaka 1871 na kutawala hadi alipofariki mwaka 1884. Mbele zaidi ni Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Misafara ilinunua chumvi hapo, na watu walikuwa wakiichemsha karne nyingi kabla ya misafara hiyo.

Ukifika Kigoma, panda daladala ya Ujiji; ni mwendo mfupi. Makumbusho yako penye miembe, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Ziwa limerudi nyuma tangu wakati huo, kwa hiyo usishangae kuona maji yako mbali.

Nibebe nini?

Fedha taslimu za noti ndogo, kwa kuwa mtandao wa simu hukatika njiani na wakala huishiwa salio. Maji ya kutosha siku nzima. Chakula kisichoharibika: sokoni Tabora tafuta michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Vikichemshwa kabla ya kukaushwa huitwa matobolwa. Vinatafunika vikiwa vimepoa, na ukila na karanga shibe yake inakufikisha mbali. Asali ya miombo ionje kabla ya kununua, na chupa uifunge vizuri isimwagike kwenye begi.

Chandarua ni lazima, kwani malaria ipo njia nzima. Ukipata homa, nenda zahanati upimwe kabla ya kumeza dawa. Porini kuna mbung'o, nzi anayeweza kuambukiza malale. Vaa nguo ndefu za rangi hafifu. Bluu na nyeusi humvutia. Kama utavuka kwenda Kongo, beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Nikifika kijijini nifanyeje?

Salimia kwanza. Kwa Wanyamwezi, asubuhi sema "mwangaluka" na utajibiwa vivyo hivyo. Ukitaka kulala kijijini, ripoti kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji. Usimpige mtu picha kabla hajakubali. Usichore jina lako kwenye kuta za tembe wala magome ya miembe, na ukielekezwa vizuri, mlipe aliyekuelekeza. Kama una watoto wanaosoma historia, nenda nao wakati wa likizo. Waambie wabebe begi lao wenyewe kutoka stendi, kisha waulize kilo 32 kwa miezi mitatu zingekuwaje.