Kujifunza Kuandika Programu Nje ya Darasa: Mfano wa Kuhesabu Mizani

Mhadhara wa kuandika programu za tarakilishi humwonyesha mwanafunzi kanuni. Mazoea huyapata nje ya darasa, na huko ndiko wengi hukwama. Aghalabu hulaumiwa kwa uvivu, ilhali tatizo lao ni jingine: anayejisomea hana wa kumwambia kwamba amekosea. Programu yaweza kutenda kazi bila kulalamika na bado itoe jibu la uongo.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kulivuka tatizo hili kwa kuchagua swali ambalo jibu lake analijua mwenyewe. Kuhesabu mizani ni swali la aina hiyo. Python, lugha ya programu iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka wa 1991, hupatikana bila malipo, na mistari michache yatosha kuanzia.

Kanuni ya kwanza ni nyepesi: kila irabu ni mizani moja. "Kitabu" huleta 3, "mwalimu" 3, yote sahihi. Kisha "mtoto" huleta 2, na kila aliyewahi kutunga shairi anajua ni 3: m-to-to. Hakuna mhadhiri aliyehitajika kuligundua kosa hilo. Mwanafunzi huongeza kanuni kwamba "m" ikifuatwa na konsonanti isiyokuwa "w" nayo ihesabiwe. "Mtoto" hutengemaa, lakini "mbegu", iliyokuwa sahihi, sasa huleta 3 badala ya 2. Akiitenga "b" pia, "mbegu" hupona na "mbwa" huharibika: huleta 1, ilhali ni m-bwa.

Katika kupona na kuharibika huko ndimo ujuzi hujengwa. Mwanafunzi hulazimika kuweka orodha ya maneno aliyoyahesabu kwa mkono, na kuipitisha yote upya kila anapoigusa programu. Waandishi stadi wa programu hufanya vivyo hivyo. Orodha ya maneno 50, iliyoandaliwa kabla ya programu yenyewe, ina faida kuliko mifano mingi iliyonakiliwa kitabuni. Kunakili, kusema kweli, ni sawa na kughani shairi la mwingine na kudhani umelitunga.

Hatimaye huja "mbuni". Ndege ana mizani 2, mbu-ni. Mtu abuniye ana 3, m-bu-ni. Tahajia ni moja. Herufi peke yake hazitoshi tena. Programu yahitaji kujua ngeli. Uchanganuzi wa namna hii ndio uliomshughulisha Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini, kwa miaka mingi alipounda mfumo wa SALAMA. Mwanafunzi aliyeanza kwa kuhesabu irabu amekwisha kufika kwenye swali la isimu, na sarufi ya darasani sasa ina kazi. Vivumishi vya mzizi unaoanza kwa "b" vyamtosha kwa hatua ifuatayo: nyama mbichi na mkate mbichi, nyumba mbovu na mti mbovu, tabia mbaya na mtu mbaya.