Mustang Kwenye Theluji: Ufunge Matairi Gani?

Ukinunua Ford Mustang GT iliyotumika mwezi wa Julai, pale Minneapolis au Montréal, muuzaji hakuulizi utaiendeshaje Januari. Jua linawaka, injini inanguruma, na yale matairi mapana ya nyuma yanapendeza machoni. Wasomaji wetu walioko huko, waliojifunza udereva Nairobi, Mwanza au Bukavu, wanalijua tope na utelezi wa masika. Theluji ni somo jingine, na gari la aina hii ni gumu kulijifunzia.

GT za 2018 hadi 2023 zina nguvu za farasi 460 hivi, na zote zinapelekwa kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Injini ya V8 imekaa mbele, kwa hiyo zaidi ya nusu ya uzito wa gari inabebwa na magurudumu ya mbele, na yale ya nyuma yenye kazi ya kusukuma yanabaki mepesi. Kwenye lami kavu huoni tofauti. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, ukikanyaga mafuta kidogo tu matairi ya nyuma yanazunguka bure, na tairi linalozunguka bure halishiki hata upande, ndiyo maana kitako cha gari huanza kukimbilia kushoto au kulia. Kuachia mafuta ghafla ukiwa kwenye gia ndogo nako kuna hatari ileile, kwa sababu injini inayashika magurudumu ya nyuma kama breki. Kompyuta ya gari inasaidia, na Mustang ina hata mpangilio maalumu wa theluji, lakini kazi yake ni kupunguza nguvu. Haiwezi kuongeza mshiko ambao tairi halina.

Mshiko huo unaanzia kwenye mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata kama hakuna theluji barabarani. GT nyingi zilizouzwa na kifurushi cha breki kubwa zilitoka kiwandani na matairi ya kiangazi ya mwendo kasi, na watengenezaji wa matairi ya aina hiyo huonya kwamba kwenye baridi kali mpira wake unaweza kupasuka. Ikilala nje Minnesota usiku wa Januari, usiisogeze hata kwenda dukani.

Kisha kuna matairi yanayouzwa kwa jina la misimu yote, ubavuni yameandikwa M+S, yaani tope na theluji. Usiyategemee maandishi hayo. Yanaeleza mchoro wa mifereji tu, wala hayadai tairi lipimwe popote. Alama ya kutafuta ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, iliyoanza kutumika Amerika Kaskazini mwaka 1999. Tairi huipata baada ya kupimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na kulishinda tairi la kulinganishia kwa angalau asilimia 10. Nayo ina mipaka: kipimo hicho kinahusu kuvuta kwenye theluji, hakikuambii tairi litasimamaje kwenye barafu.

Hapa ndipo mwenye gari la nguvu hushauriwa vibaya. Matairi ya baridi yana koo mbili kubwa. Ya kwanza ni ya akina Michelin Pilot Alpin na Pirelli Sottozero, yaliyobuniwa kwa barabara za Ulaya ya kati: lami yenye baridi na maji, mwendo mkali, theluji ya mara mojamoja. Ya pili ni ya akina Bridgestone Blizzak, Michelin X-Ice na Nokian Hakkapeliitta, jina ambalo Wafini wamelitumia tangu 1936. Hayo mpira wake ni laini zaidi, na kila jino la tairi limechanjwa chale nyembamba nyingi ambazo hufunguka tairi linapokanyaga na kuuma barafu. Wengi wakiona gari lina farasi 460, wanakimbilia ukoo wa kwanza kwa sababu herufi ya mwendo ni kubwa: V, kilomita 240 kwa saa.

Mimi naona tairi lichaguliwe kwa barabara, si kwa injini. Barabara kuu za Minnesota zina kikomo cha maili 70 kwa saa, yaani kilomita 113. Tairi la herufi T linahimili 190. Huo mwendo wa ziada utautumia wapi, na mitaa ya makazi imefunikwa barafu iliyogandamizwa wiki nzima? Chagua ukoo wa pili, na ukubali kwamba siku ya jua usukani utakuwa mzito wa kuitikia na gari litayumba kidogo kwenye kona. Anayeishi Stuttgart au Vancouver mjini, ambako mvua ya baridi ni nyingi kuliko barafu, ana haki ya kuamua kinyume. Yale yenye misumari yanauma barafu kuliko yote, lakini Minnesota hayaruhusiwi kwa wakazi wake, na Québec yana msimu wake maalumu.

Ukubwa wa tairi ndio unaoamua mengi, nao ndio unaopuuzwa. Tairi pana huelea juu ya theluji laini. Jembamba huikata na kufika chini penye kitu cha kushika. Chukua GT yenye 255/40R19 mbele na 275/40R19 nyuma. Rimu ya inchi 18 yenye 235/50R18 kwa magurudumu yote manne inakupa kimo cha milimita 692 hivi, katikati ya yale 687 ya mbele na 703 ya nyuma ya awali, na ndicho kipimo ambacho Ford yenyewe iliifungia GT ya kawaida. Unapata ubavu mrefu unaovumilia mashimo ya barabarani, tairi la bei nafuu, na faida nyingine ambayo watu hawaifikirii: matairi yote yakiwa sawa, unaweza kuhamisha ya nyuma kwenda mbele, kwa sababu kwenye gari la namna hii ya nyuma huisha haraka. Kama ubavuni kuna mshale, yahamishe upande uleule, kushoto kwa kushoto.

Tatizo ni breki. Mustang yenye breki za Brembo za mbele zenye pistoni sita ina diski ya milimita 380, na si kila rimu ya inchi 18 itaipisha. Mwambie fundi aivalishe rimu tupu mbele, afunge nati mbili tatu, kisha azungushe gurudumu kwa mkono. Ipite bila kugusa kaliper, ndani na kwenye spoku. Rimu ikishavalishwa tairi, maduka mengi hayaipokei tena. Nambari ya kubeba mzigo nayo isipungue ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Na yawe manne. Kuna wanaofunga mawili tu nyuma kwa hoja kwamba ndiyo yanayosukuma. Gari litaondoka vizuri, lakini kwenye kona mbele itaenda moja kwa moja hadi kwenye ukingo, na breki hutegemea zaidi magurudumu ya mbele. Québec tangu 2008 sheria imelitatua hilo: gari dogo lazima liwe na matairi ya baridi, na siku hizi kipindi chake ni Desemba 1 hadi Machi 15, faini ikianzia dola 200. Minnesota hakuna sheria kama hiyo, kwa hiyo uamuzi ni wako na bima yako.

Yaliyotumika yanafaa kama unajua kuyakagua. Mwisho wa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne: 3523 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2023. Bonyeza jino kwa ukucha. Mpira ukikataa kubonyea, umekwisha hata kama mifereji ni mirefu. Mifereji ikifika milimita 4 hesabu kwamba msimu wake wa theluji umepita, ingawa kisheria tairi huruhusiwa kubaki barabarani hadi 1.6 sehemu nyingi.

Upepo hushuka takriban psi moja kila joto linaposhuka kwa nyuzi 5 au 6, kwa hiyo tairi lililojazwa Oktoba litakuwa limelegea Januari. Lipime asubuhi kabla gari halijatembea. Mifuko ya mchanga kwenye buti ni mazoea ya wenye pikapu. Kwenye Mustang weka mmoja au miwili tu, karibu na ekseli, iliyofungwa isihame. Mchanga huo utakufaa zaidi siku ukikwama, ukiumwaga mbele ya tairi la nyuma. Kuondoka, gia ya pili na mguu mwepesi. Nati zikazwe tena kwa spana ya kupima baada ya kilomita 80 hadi 100 tangu ufunge rimu, na matairi yatoke joto likitulia juu ya nyuzi 7, maana mpira ule laini ukikutana na lami ya Mei husagika upesi.